Rangi Iliyobaki Kwenye Pedi

Nilipoona pedi imekuwa nyekundu nilizima mashine haraka, nikajua nimeharibu gari la marehemu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyuma ya nyumba yetu Buruburu. Gari lenyewe ni Datsun 120Y ya mwaka 1977, ambayo Baba aliinunua kwa mtu mwaka 1983. Kwenye logbuku imeandikwa nyekundu. Kwa macho, miaka hii ya mwisho, ilikuwa imefifia hadi ikafanana na sabuni ya kuogea, ile ya waridi. Mimi nilikuwa nimetazama video tatu, nikaazima mashine ya kung'arishia kwa jirani, nikapaka polishi kwenye boneti na kuanza. Dakika mbili tu, pedi ya njano ilikuwa kama imechovywa kwenye supu ya nyanya.

Nilimpigia simu Mzee mmoja wa mtaa wetu aliyepiga magari rangi Industrial Area tangu ujana wake. Alikuja kwa miguu, akainama, akapitisha kidole kwenye pedi, akakitazama.

"Kijana, wacha kushtuka. Ungeona rangi kwa pedi ukisugua hiyo Vitz yako, hapo ungelia. Kwa hii, usipoona nyekundu ujue hufanyi kitu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka kusoma. Nilidhani najifunza kung'arisha gari, kumbe nimeingia kwenye historia ya karne nzima, ambayo ndani yake mna baruti, lami, dawa ya koo na serikali ya Kenya.

Tuanze na Vitz. Gari la siku hizi limevaa nguo nne: matibabu ya bati dhidi ya kutu, praima, rangi, halafu klia juu ya yote. Klia haina rangi. Ukiisugua, kinachorudi kwenye pedi ni uji mweupe au wa kijivu. Ukiona buluu au nyekundu, umetoboa, na hakuna polishi ya kurudisha ulichotoboa. Nguo zote hizo kwa pamoja, zikitoka kiwandani, huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi. Unywele wa mtu ni kama maikroni 70. Klia peke yake ni 40 au 50. Yaani kile unachokiita mng'ao wa gari lako ni chembamba kuliko unywele uliokwama kwenye kitana.

Datsun ya Baba haina klia. Rangi ndiyo ngozi yake ya nje, na kila anayeisugua huondoka na kidogo.

Huku kwetu kusugua kitu mpaka king'ae hakukuletwa na gari. Neno msasa, ambalo sasa ni karatasi unayonunua duka la vifaa vya ujenzi, ni jina la mti wa jamii ya mtini. Majani yake yakikauka hukwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa Pwani waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ilipofika, ikarithi jina la jani. Gari nalo, huko lilikozaliwa, lilianza kama kazi ya seremala. Magari ya kwanza ya Ulaya na Marekani yalipakwa rangi kama mikokoteni ya kifahari ya farasi: rangi ya mafuta kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikingojewa ikauke, ikisuguliwa, kisha vanishi juu. Kazi ilichukua wiki kadhaa. Hata Meguiar's, jina ambalo leo limeandikwa kwenye chupa za polishi ya magari, ilianza mwaka 1901 ikitengeneza polishi ya fanicha.

Wiki kadhaa si tatizo ukiunda magari kumi. Henry Ford alikuwa na shida nyingine. Watu hupenda kurudia ule utani wake kwamba mteja achague rangi yoyote mradi iwe nyeusi, lakini wanasahau kwamba Model T ilipotoka mwaka 1908 ungeweza kuipata ya kijani, nyekundu au kijivu. Weusi mtupu ulikuja mwaka 1914, baada ya kiwanda cha Highland Park kuanza kuunganisha magari kwenye laini inayosonga. Rangi nyeusi yenye lami ndani yake ilikuwa rahisi kwa bei, ngumu, na vipande vingi viliweza kuchovywa au kumwagiwa kisha vikaokwa kwenye oveni kama mkate. Kwa miaka zaidi ya kumi, gari lililouzwa kwa wingi kuliko yote duniani lilikuwa la rangi moja. Gereji zenye magari ya buluu na maziwa zilikuwa za matajiri, wale wa kungojea vanishi ikauke.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa vita.

Mwaka 1846 mkemia wa Basel, Christian Friedrich Schönbein, aligundua kwamba pamba ikilowekwa kwenye mchanganyiko wa asidi ya naitriki na ya salfa hugeuka kilipuzi. Ukiitazama ni pamba ile ile, lakini iguse na moto. Kampuni ya DuPont ya Delaware, iliyokuwa ikitengeneza baruti tangu 1802, ilijijenga upya juu ya pamba hiyo, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoisha ilijikuta na viwanda vikubwa, wakemia wengi, na watu wachache wa kupigana nao. Kufikia hapo ilikuwa pia imenunua sehemu kubwa ya hisa za General Motors. Mwaka 1920 Pierre du Pont mwenyewe alikalia kiti cha rais wa GM. Ukiwa na kiwanda cha pamba ya kulipuka mkono mmoja na kiwanda cha magari mkono wa pili, si lazima uwe nabii.

Pamba hiyo ikiyeyushwa kwenye viyeyushi hutoa laka, maji mazito yanayokauka upesi na kuacha ngozi ngumu. Shida ilikuwa uzito. Ukitia pamba ya kutosha, inakuwa uji usiopita popote. Ukiuzimua kwa thina, unabaki na ngozi nyembamba isiyofunika kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakemia wa DuPont walipata njia ya kufanya laka iwe nyepesi huku ikibeba pamba na chembe za rangi nyingi. Waliiita Duco. Magari ya Oakland ya mwaka 1924, tawi la GM ambalo leo hakuna anayelikumbuka, yalitoka yakiwa ya buluu. Kazi iliyokuwa ya wiki ikawa ya saa.

Laka hiyo ilikauka haraka mno kwa brashi, kwa hiyo ilihitaji kupulizwa. Hapo nako kuna hadithi ninayoipenda. Daktari mmoja wa Toledo, Ohio, Allen DeVilbiss, alianza mwaka 1888 kutengeneza vifaa vya kupulizia dawa kwenye koo la mgonjwa. Mwanawe akaona kwamba kinachopuliza dawa kinaweza kupuliza rangi. Ile bunduki ya kupigia rangi unayoiona ikining'inia kwenye kila gereji ya Grogan ni mjukuu wa chupa ya kutibu koo. Shikilia hilo, nitalirudia.

Duco haikutoka kwenye bunduki ikiwa inang'aa. Ilikauka ikiwa na uso uliofifia, wenye vinundu kama ganda la chungwa. Mng'ao ulipatikana kwa kusugua: kampaundi ya kukwaruza kwanza, polishi baadaye. Kiwandani, kabla gari halijauzwa, lilikuwa limeshasuguliwa, na laka ya buluu ikisuguliwa kitambaa hugeuka buluu. Kwa hiyo kilichonitoa jasho mimi Buruburu kilikuwa kazi ya kawaida ya siku kwa kizazi kizima cha mafundi. Kwao, kitambaa kilichorudi cheupe kilimaanisha mtu anachezea mshahara.

Rangi zikawa biashara. Mwaka 1927 GM ilifungua idara nzima ya sanaa na rangi chini ya Harley Earl, na wazo likakita mizizi kwamba gari la mwaka jana linaweza kuonekana la kizamani hata kama injini yake haina neno. Na kwa kuwa laka hufifia juani, mwenye gari aliambiwa ni wajibu wake kulipaka nta. Simoniz na wenzake walijenga utajiri kwa kuwatia watu wasiwasi kuhusu boneti zao. Wasiwasi huo ulivuka bahari. Katika Kenya ya wakoloni, gari la mzungu lililorudi limefunikwa vumbi la murram halikuoshwa na mzungu. Lilioshwa na mtu mzima aliyeitwa boi. Kumbukumbu za magari ya enzi hiyo, zile picha za weusi na weupe zenye madigadi yanayong'aa, mimi siku hizi nazitazama nikitafuta kitambaa. Hakipo kwenye picha.

Hata Grogan ni jina la namna hiyo. Rasmi barabara inaitwa Kirinyaga. Ewart Grogan, aliyewachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, alifutwa kwenye vibao vya barabara baada ya uhuru, lakini ukitafuta kioo cha kando cha Probox leo utaambiwa "enda Grogan". Ukisugua kidogo tu linatokea.

Miaka ya 1970 Kenya ilianza kuunganisha magari yake: kiwanda Thika, kingine Nairobi, kingine Mombasa. Mabodi yalifika vipande vipande, yakachomelewa na kupakwa rangi hapa hapa. Mzee wangu ni zao la enzi hizo. Hakufanya kazi kwenye viwanda vyenyewe, bali kwa waliokuwa wakirekebisha magari yaliyotoka humo yakagongwa. Wakati huo rangi zilikuwa laka au enameli, na zote zilikuwa za aina ya Datsun yetu, zisizo na klia. Mpaka leo yeye huita rangi yoyote ya gari inayokauka haraka "duko".

Na nyekundu ilikuwa rangi ya kutamaniwa. Kama ulikulia nyumba yenye mzee wa Safari Rally, unajua kwa nini. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari akiendesha Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda na 240Z nyingine. Baba alikuwa mvulana wa kusimama kando ya barabara akila vumbi. Miaka kumi baadaye alipopata pesa za gari, hakuweza kununua 240Z, hakuna aliyeweza, ila alihakikisha ni Datsun na alihakikisha ni nyekundu.

Hakuna rangi mbaya zaidi ambayo angeweza kuchagua. Nyekundu nyingi za wakati huo zilitokana na chembe za rangi za azo, nzuri sana zikiwa mpya na dhaifu sana mbele ya mwanga wa urujuanimno. Na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, digrii moja na ushee kusini mwa ikweta. Jua linapiga wima na hewa iliyo juu yako ni nyembamba. Mwanga huvunja chembe za rangi na pia gundi inayozishika. Uso wa rangi hupasuka vipasuko vidogo mno, nuru hutawanyika ndani yake badala ya kurudi sawasawa, na jicho linaona weupe. Ndiyo sababu nyekundu hugeuka waridi. Haijaondoka. Imefunikwa na maiti yake mwenyewe, na chini yake, maikroni chache tu, nyekundu ya 1977 bado ipo. Polishi huondoa iliyokufa.

Ile iliyo kwenye pedi, basi, mingi ni rangi iliyokufa. Si yote.

Klia ilizuka kama jibu la tatizo hili hasa. Rangi za metali, zenye vipande vidogo vya alumini, zilikuwa zikichakaa vibaya zikiachwa uchi, hivyo viwanda vikaanza kuzifunika kwa tabaka safi lenye kinga ya jua. Ulaya jambo hili lilishika kasi miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 likaenea Marekani na Japani. Lilikuwa na ubaya wake. Rangi ya zamani huzeeka pole pole kama mtu. Klia hukaa vizuri miaka na miaka, halafu siku moja inaanza kubambuka juu ya paa kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Umeziona. Kila parkingi ya Nairobi ina Premio moja yenye mabaka.

Zilifika kwa wingi baada ya 1993, serikali ilipoondoa leseni za kuagiza bidhaa kutoka nje. Kabla ya hapo gari lilikuwa kitu cha kurithiana. Baada ya hapo, magari yaliyotumika Japani yalianza kushuka Mombasa meli baada ya meli, na baadaye ikawekwa kanuni kwamba lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe huko lilikotoka. Mzee anasema miaka hiyo mafundi wengi walijifunza klia kwa kuharibu. Walikuwa wamezoea kusugua mpaka rangi ionekane kwenye kitambaa, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kazi nzuri. Wakasugua magari mapya ya wenyewe kwa mazoea yale yale, wakangojea rangi itokee, na ikatokea. Yeye mwenyewe alitoboa klia ya mlango wa Corolla ya buluu, akalipa kwa kukatwa mshahara miezi miwili. "Mkono ulikuwa unajua kazi ya zamani," aliniambia. "Hakuna mtu aliambia mkono mambo yamebadilika."

Halafu kuna Toyota nyeupe, zile ambazo zimejaa barabarani kama kunguru. Nyingi kati ya hizo nyeupe tupu hazina klia hata leo. Fundi anazisugua, rangi inatoka, lakini polishi nayo ni nyeupe, kwa hiyo hakuna anayeona chochote. Mzee huzijaribu kwa kitambaa cheusi mahali pasipoonekana, kwenye kingo ya ndani ya mlango. Kikirudi na chaki, anajua ni rangi uchi. Nimejaribu kwenye Probox ya shemeji yangu. Ni kweli.

Lakini kama unataka kuona historia ya nchi kwenye msasa, tafuta matatu kuukuu. Mzee alinisimulia juu ya Nissan moja ya abiria 14 aliyoletewa aivue rangi yote mpaka bati, mwenyewe akitaka kuigeuza gari la kubeba mikate. Juu kulikuwa na nyeupe ya juzi. Chini ya nyeupe ukatokea mstari wa njano. Wewe uliyekuwa umezaliwa unaukumbuka: kanuni za waziri John Michuki, zilizotangazwa 2003 na kuanza kukaza kamba mwanzoni mwa 2004, zilitaka vidhibiti mwendo, mikanda, na mstari wa njano ubavuni. Michoro ikapigwa marufuku. Mji mzima ulipakwa upya ndani ya miezi michache, na Mzee anasema hajawahi kupata pesa kama msimu ule, wala kufanya kazi ya kuchosha roho kama ile, kupulizia rangi moja juu ya picha ambazo vijana wenzake walikesha wakizichora. Marufuku ilikuja kuondolewa wakati wa Rais Uhuru Kenyatta, lakini manyanga ya miaka ya tisini hayakurudi. Yalikuwa chini. Alipopita mstari wa njano, msasa ulileta zambarau, kisha fedha, kisha jicho. Jicho zima la mwanamuziki fulani wa Marekani, anasema hakumtambua. Alisimama kidogo. Kisha akaendelea, kwa sababu mwenye mikate alikuwa anangoja.

Detroit wana kitu cha namna hii wanachokiuza. Kwenye vibanda vya kupigia rangi vya viwanda vya zamani, rangi iliyokosa gari ilidondokea vyuma, ikaokwa pamoja na mabodi, tena na tena kwa miaka, mpaka ikawa jabali la mamia ya tabaka. Watu hulikata na kulisugua, wakalifanya vito vya pete na mikufu. Wanaliita fordaiti. Sisi tabaka zetu huwa vumbi, na vumbi hilo huenda mahali.

Nilisema nitarudia chupa ya koo. Mzee anakohoa. Kikohozi kikavu cha usiku, cha miaka. Rangi na klia za kisasa za gereji, zile za kuchanganya chupa mbili, hukomazwa kwa kemikali ziitwazo isosianeti, na isosianeti zinajulikana duniani kote kwa kuwapa wapiga rangi pumu. Nchi zilizo makini humtaka fundi avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Mzee alikuwa na leso. Akifunga leso puani na kunywa maziwa jioni, kwa sababu kila fundi aliambiwa maziwa huosha kifua. Maziwa hayaoshi kifua. Na vumbi la rangi za zamani nalo si la kuchezea. Nyekundu na njano nyingi za enzi za Datsun yetu zilitumia chembe zenye madini ya risasi. Aliponiambia nivae glavu na nisisugue rangi ikiwa kavu nilidhani ni umri unaongea. Nikaenda nikasoma, nikanunua glavu.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa nasugua.

Baba alipofariki aliacha deni la hospitali, laki mbili na ushee, na gari. Dada yangu alipata mnunuzi, mtu anayekusanya magari ya zamani. Masharti yake yalikuwa mafupi. Ikiwa rangi ni ya kiwandani, laki tano na nusu. Ikiwa imepigwa upya, laki tatu na nusu. Angekuja Jumamosi inayofuata na kipima unene cha rangi, kile kidude cha kubandika kwenye bati kinachokupa namba. Kazi yangu ilikuwa kuamsha wekundu.

Fundi mwingine, gereji sitaitaja, alinishauri nipulize klia nyembamba juu ya boneti baada ya polishi. Ingeng'aa kama kioo, na namba kwenye kipima ingepanda, ionekane kama rangi ya kutosha. Elfu nane tu. Nilimwambia nitafikiria, na kusema kweli nilifikiria.

Mzee alikuja na kipima cha kuazima. Tulianza ndani ya buti, chini ya kapeti, mahali jua halijawahi kufika: 115. Na rangi hapo, wacha nikwambie. Sikuwa nimewahi kuiona. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na sikuwahi kuona rangi ya gari letu. Mlango wa kulia, 96. Paa, 80. Boneti katikati, 48. Pembe ya kushoto ya boneti, 41, na pale praima ya kijivu ilikuwa imeanza kuchungulia, kipande kama ukucha.

"Jua?" niliuliza.

"Jua hupiga boneti yote," alisema Mzee. "Hapa ni mkono."

Kila Jumapili baada ya kanisa Baba alivua koti, akachukua mkebe wa nta na fulana iliyochakaa, akazunguka gari kuanzia pembe ile ya kushoto, iliyo karibu na mlango wa jikoni. Miaka karibu arobaini. Mama alikuwa akilalamika kwamba zile fulana zikiloweshwa na nguo nyingine zinazichafua, na sisi tulidhani ni fulana za mtumba zinazochuja. Alizitenga kwenye beseni lake. Maji ya beseni yalikuwa mekundu kila Jumatatu na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza.

Mzee alizima mashine. Akasema tukipita mara moja tena milango na buti zitakuwa kama za dukani, lakini boneti tuiache ilivyo, ipakwe nta kwa mkono basi. Ikiguswa tena tutamwonyesha mnunuzi kijivu. Boneti ikabaki ya waridi nusu na nyekundu nusu, na mpaka kati yake ni pale niliposhtuka.

Jioni dada yangu alikuja kuona. Alizunguka gari mara mbili bila kusema kitu. Kisha akauliza bei ingekuwaje boneti ikiwa hivyo, na nikamwambia sijui, pengine mtu atashusha, pengine ataondoka. Akauliza kuhusu klia ya elfu nane. Nikamwonyesha kile kipande cha kijivu pembeni na nikamweleza ni cha nini.

Alichuchumaa, akakigusa kwa kidole gumba.

"Basi umwambie yule mtu," alisema. "Kabla hajatoa kidude chake. Umwambie ni ya kiwandani, na umwambie imeishia wapi."

Nilienda kuosha pedi kwenye beseni la Mama.